Wageni wa Buyenzi na Wageni wa Ngagara

Hapa Bujumbura, ukimwambia mtu "wewe ni Mswahili kweli", usitegemee akushukuru. Kwa Kirundi cha mitaani, umuswahili ni mtu mjanjamjanja, mwenye maneno mengi, ambaye ukimkopesha pesa ni lazima muandikiane. Tusi hilo lina umri mkubwa, na waliotukanwa kwanza ni watu wa mtaa ninaoishi mimi, Buyenzi. Mimi ni Mkongo wa Uvira, nina kitambulisho cha mkimbizi, nauza vitenge soko la Ruvumera. Majirani zangu wengi wana mababu waliotoka Kasongo, Kabambare, Fizi na Ujiji. Mababu hao walikuja wageni kama nilivyokuja mimi. Wajukuu wao leo wana karangamuntu mfukoni na wanapiga kura.

Kila nikienda kuwasalimu ndugu zangu kambini Bwagiriza, swali ni lilelile: tupande mizizi hapa, au tungoje? Wengine wanangoja ndege ya Marekani, wengine wanangoja Kongo itulie. Wafanyakazi wa mashirika wanasema suluhisho za kudumu ni tatu: kurudi, kuhamishiwa nchi ya tatu, au kukubaliwa hapa ulipo. Hiyo hesabu naijua. Lakini mji huu ulishapokea wageni wengi kabla yetu, na historia yao haisomwi sana kambini. Nataka kulinganisha makundi mawili: Waswahili wa Buyenzi, na Wanyarwanda waliokimbia mwaka 1959 na miaka iliyofuata, ambao wengi wa mjini walikaa Ngagara na Nyakabiga.

Tuanze na waliotangulia. Karne ya 19, misafara ya biashara ilikuwa inazunguka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji. Mfanyabiashara mmoja mkubwa, Mohamed bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza, alijaribu kuingia Burundi kwa bunduki, na mwami Mwezi Gisabo akamzuia. Lakini ufukweni watu wa misafara walibaki: wapagazi, wavuvi, wachuuzi wa chumvi, mawese na ndagala. Wajerumani walipojenga kituo chao Usumbura waliwakuta watu wanaojua Kiswahili, na wao wenyewe walikuwa wanatawala kwa Kiswahili, basi wakawachukua kuwa askari, wakalimani na mafundi. Wabelgiji waliingia mwaka 1916. Wao Kiswahili hawakukipenda hivyo, na Uislamu walikuwa wanauangalia kwa jicho la pembeni, lakini mji ulihitaji mikono, na mikono mingi ilitoka ng'ambo ya ziwa, Kongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 waliunda mitaa ya Waafrika, Buyenzi na ule uliokuja kuitwa Bwiza, wakaiita kituo cha "nje ya mila". Maana yake mkaaji wa humo hakuwa mtu wa chifu yeyote wala wa mwami. Alikuwa mtu wa mji tu.

Hapo ndipo penye mzizi wa mambo. Shule za wakati ule zilikuwa za wamisionari. Mtoto wa Kiislamu kuingia ilikuwa shida, na wazazi wengi waliogopa kwamba mtoto atatoka na jina jingine. Kwa hiyo Buyenzi haikutoa makarani. Ilitoa mafundi cherehani, waashi, madereva, makanika, wauza samaki. Ukitaka kuelewa kwa nini mpaka leo gari likiharibika Bujumbura linasukumwa kuelekea Buyenzi, jibu liko kwenye lango la shule lililofungwa wakati ule. Mtoto alikaa chini ya gari la mjomba wake akajifunza.

Mzee mmoja jirani yangu, fundi wa injini, babu yake alitoka Kasongo. Nilimuuliza kama waliumia kukosa shule. Akajibu, huku anafuta mikono kwa tambara: "Weye, siye tulikuwa tunamtengenezea karani gari lake. Karani alikuwa analipwa mwisho wa mwezi, siye kila jioni." Halafu akanyamaza kidogo, akaongeza: "Lakini karani ndiye alikuwa anaandika majina." Maneno hayo ya pili ndiyo niliyoyabeba zaidi.

Sasa Wanyarwanda. Machafuko yalianza Novemba 1959, na kwa miaka kadhaa Watutsi wa Rwanda walivuka mipaka kwenda Burundi, Uganda, Kongo na Tanganyika. Waliofika Burundi hawakuwa namna moja. Wengi walikuwa wakulima na wafugaji, wakapelekwa kwenye makambi ya mashariki kama Muramba, Kayongozi, Kigamba na Mugera, wakapewa majembe. Lakini kati yao walikuwepo waliokuwa machifu, walimu na makarani, wengine wamesoma katika shule ya Astrida, ile iliyokuwa inafundisha watoto wa wakubwa wa Rwanda na Burundi pamoja. Hao walikuja na Kifaransa na vyeti. Walikuja mjini.

Ukiangalia kwa juu, ungesema Wanyarwanda ndio wangezama haraka katika jamii ya Burundi. Kinyarwanda na Kirundi ni ndugu, anayejua kimoja anaelewa kingine. Dini ni moja, Wakatoliki kwa Wakatoliki. Na tangu katikati ya miaka ya 1960 nguvu za nchi zilikuwa mikononi mwa Watutsi. Mswahili wa Buyenzi alikuwa tofauti kwa lugha, kwa dini, kwa chakula, hata kwa mavazi. Lakini matokeo yalikwenda kinyume, na mimi nadhani sababu ni tatu, ingawa hazina uzito sawa.

Ya kwanza ni wakati. Waswahili walikuwa ndani ya nyumba wakati nyumba inajengwa. Mwana wa mfalme Louis Rwagasore alipoanzisha ushirika wa wafanyabiashara mwaka 1957 na kuongoza chama cha UPRONA, wafanyabiashara Waswahili wa Bujumbura walikuwa kati ya watu wa kwanza kumuunga mkono. Uhusiano wake na Nyerere na TANU pia ulipitia katika lugha hii hii. UPRONA ilishinda Septemba 18, 1961. Oktoba 13 Rwagasore akapigwa risasi, akafa. Uhuru ulikuja Julai 1, 1962 bila yeye, lakini Buyenzi ilikuwa na jambo la kutaja: tulikuwepo. Mnyarwanda wa mwaka 1962 yeye alifika nyumba imeshaezekwa, na alipewa karatasi iliyoandikwa mkimbizi.

Ya pili ni siasa za kurudi. Sehemu ya wakimbizi walichukua silaha. Desemba 1963 kundi lilitoka Burundi likaingia Bugesera kuelekea Kigali. Likashindwa, na ndani ya Rwanda Watutsi wengi wasio na hatia waliuawa kwa kulipiza kisasi. Miezi kumi na tatu baadaye, Januari 15, 1965, waziri mkuu wa Burundi Pierre Ngendandumwe, Mhutu, aliuawa Bujumbura, na aliyetuhumiwa kufyatua risasi alikuwa mkimbizi wa Kinyarwanda aliyefanya kazi katika ubalozi wa Marekani. Kosa la mtu mmoja au la wachache, lakini jina lilikwenda kwa wote. Sisi Wakongo tunaijua hesabu hiyo ya mmoja kulipiwa na wengi, sina haja ya kuieleza.

Ya tatu, ambayo kwangu ndiyo nzito, ni kile kila kundi lilichowekeza. Wanyarwanda wa mjini waliweka kila kitu kwenye shule. Nafasi katika shule za serikali zilikuwa chache kwao, basi wakategemea za binafsi, na Saint Albert ya Bujumbura ilijulikana kuwa shule ya watoto wa wakimbizi. Mzazi aliuza ng'ombe wa mwisho kulipa ada. Watoto wakawa walimu, waganga, wahasibu, watu wa mashirika. Serikalini njia ilikuwa nyembamba, kwa hiyo walijaza sekta binafsi. Ukihesabu vyeti, Ngagara ilikuwa mbali mbele ya Buyenzi. Ukihesabu nyumba zenye hati na jina la mwenyewe, sina uhakika kwamba ingekuwa hivyo. Cheti kinabebeka. Karakana haibebeki, na asiyeweza kubeba mali yake hana haraka ya kuondoka.

Oktoba 1, 1990 RPF iliingia Rwanda kutoka Uganda, na vijana wengi wa Bujumbura walikwenda kujiunga. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, Wanyarwanda wa Burundi walirudi kwa wingi sana, baada ya miaka 35. Mitaa ya Ngagara iliona nyumba zikihama kwa malori. Gaël Faye, mwanamuziki na mwandishi aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1982 kwa baba Mfaransa na mama mkimbizi wa Kinyarwanda, aliitolea dunia utoto wa wakati huo katika riwaya yake Petit Pays ya mwaka 2016. Wazungu wengi wanaokuja kufanya kazi kambini wameisoma. Ningependa wengine waje pia Buyenzi.

Walipofika Kigali, hao wa Burundi walikuta jambo. Ngumi ya serikali mpya ilikuwa mikononi mwa waliotoka Uganda, waliokulia makambi kama Nakivale na Gahunge, waliopigana katika jeshi la Museveni, na waliosoma Kiingereza. Wa Burundi walikuwa na Kifaransa kizuri. Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua kufundisha kwa Kiingereza, na mwalimu aliyelipiwa ada kwa ng'ombe wa mwisho ikambidi arudi darasani. Mwaka uliotangulia, 2007, Burundi ilikuwa imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ghafla Kiswahili, kile cha wajanjawajanja, kikawa cha kuombea kazi Dar es Salaam na Nairobi. Mzee jirani yangu alicheka sana siku hizo. Wajukuu wake walikuwa wanafundisha watoto wa wakubwa kwa malipo.

Nisije nikapaka rangi Buyenzi ikawa peponi. Machi 1995, vita vya mji vilipofika Bwiza na Buyenzi, watu wengi walikimbilia Uvira, wakiwemo Wazaire, kama tulivyoitwa wakati huo, waliokuwa wameishi hapa muda mrefu. Mizizi yote haikuwalinda siku hiyo. Soko kuu la Bujumbura lilipoungua Januari 27, 2013, waliopoteza mtaji ndani ya moto walitoka jamii zote, na wengi walikuja kubanana nasi Ruvumera. Na umaskini wa Buyenzi unaonekana kwa macho: mifereji, nyumba za vyumba viwili watu kumi.

Kuna pia kundi la tatu dogo ambalo linanisumbua akili. Ni watu wenye asili ya Oman, wazao wa wafanyabiashara wa zamani. Wana maduka, wana Kiswahili, wamezikwa hapa vizazi kadhaa. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi linawahesabu karibu 1,000 kuwa hawana uraia wa nchi yoyote, Burundi wala Oman. Hao wana mali kuliko mimi, kuliko fundi wa injini, lakini kusafiri ni mtihani. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wanaosema kambini, "pata biashara, mengine yatajileta." Hayakujileta kwa hao.

Wafanyakazi wa mashirika watanikumbusha kitabu cha Liisa Malkki cha mwaka 1995, alichoandika baada ya kuishi na Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972. Aliwalinganisha wa kambi ya Mishamo na wa mji wa Kigoma. Wa kambini walishika historia yao kwa nguvu na kungoja kurudi; wa mjini walichanganyika, walibadili majina, walikuwa wepesi kama samaki. Ni kweli alivyoona. Ila baadaye Tanzania iliwapa uraia zaidi ya 160,000 kati ya Warundi wa 1972, na hao walitoka kwenye makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo, yaani walewale waliokuwa kwenye orodha. Aliyejificha mjini hakuwa na orodha. Nikimweka huyo pembeni ya Muarabu wa Bujumbura, na pembeni ya karani aliyekuwa "anaandika majina", naona karatasi ina historia yake peke yake, haifuati pesa wala shule wala ukoo.

Sisi wa leo tuko wapi? Tulikuja kwa mafungu, 1996, 1998, na kuendelea. Wengine wetu wako Gasorwe, Musasa, Bwagiriza, Kavumu, Nyankanda. Hatuko kitu kimoja: Agosti 13, 2004 pale Gatumba, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa usiku kwenye mahema, na kuna Wakongo ambao mpaka leo hawawezi kukaa kwenye benchi moja kuliongelea. Mwaka 2025 makumi ya maelfu walivuka tena Rusizi, wengi wakapelekwa Musenyi. Anayechagua mji kwa kawaida anauacha mgao wa chakula kambini, kwa hiyo swali la kupanda mizizi lina bei, linalipwa kwa unga na maharagwe. Vijana kambini wanataka vyeti kama Ngagara. Mama zao wanataka mashine ya cherehani kama Buyenzi. Mimi naona wote wana haki, lakini pesa ya mradi ikiwa moja, ningenunua cherehani kwanza, kwa sababu inalipa ada ya cheti, na cheti hakinunui cherehani mpaka kazi ipatikane.

Kuna jambo moja la sheria ambalo kina dada wa Buyenzi wanalijua kwa uchungu. Sheria ya uraia ya Burundi ya mwaka 2000 bado inampa mtoto uraia wa baba. Mrundi wa kike akizaa na Mkongo katika ndoa, mtoto ni mgeni kwenye nyumba ya mama yake. Kwenye barabara yangu peke yake nawajua watoto sita wa namna hiyo. Wawili ni wangu. Wanaongea Kirundi kunishinda, shuleni wanaimba wimbo wa taifa, na mkubwa anaanza kushika spana kwa yule mzee. Nimewaandikisha wote komini walipozaliwa, na vyeti vyao vya kuzaliwa viko kwenye mfuko wa nailoni, juu ya kabati, mahali maji ya mvua hayafiki.