Kipande cha Chuma Kilichokatwa Mshazari

Itazame AKM, bunduki ya Kisovieti, mdomoni. Mtutu wake unaishia kwa kipande kifupi cha chuma kilichokatwa mshazari, kama kalamu ya mwanzi iliyochongwa. Wengi hudhani ni pambo.

Bunduki ikifyatua risasi moja, teke lake huishia begani, na mpigaji hupata nafasi ya kulenga tena. Ikimimina mfululizo, teke la pili hufika la kwanza halijatulia. Kitako kikiwa chini ya usawa wa mtutu, kila teke huuinua mdomo. Na mwenye kutumia bega la kulia huuona ukikimbilia kulia pia. Risasi ya kwanza ipige shabaha, ya nne inawinda ndege.

Mrusi Vladimir Fedorov aliliona hilo mapema. Bunduki yake ya 1916 ilitumia risasi ya Kijapani ya milimita 6.5, iliyokuwa na teke dogo kuliko ile ya jeshi la nchi yake. Miaka ya 1920, Mmarekani Richard Cutts alikuja na dawa nyingine: kifaa chenye matundu juu, kinachofungwa mdomoni mwa bunduki ya Thompson. Gesi ya baruti ikitoka kwenda juu, mtutu husukumwa chini.

Ajabu ni kwamba wakubwa wa jeshi la Marekani, pamoja na hayo yote, waling'ang'ania risasi kubwa. Mwaka 1957 walipitisha M14, bunduki moja ya kurithi kazi za nne, ikiwemo BAR, rashasha yenye uzito wa karibu mara mbili yake. M14 ilikuwa na kasi ya risasi 700 hivi kwa dakika, kwa hiyo kikasha cha risasi 20 kilikauka ndani ya sekunde mbili, nyingi zikienda mawinguni. Huko Vietnam, M14 nyingi zilifungwa zisifyatue mfululizo kabisa. Mwaka 1963 ikaamriwa uzalishaji wake usimamishwe, na M16 ikashika nafasi: risasi ndogo ya milimita 5.56, kitako kikinyooka sawa na mtutu.

Wasovieti walikuwa na kitendawili chao. Risasi yao ilikuwa fupi na ya wastani, lakini AKM ya 1959, kwa kutumia bati la kukandamizwa kwa mashine, ilipungua uzito kwa karibu kilo nzima kuliko AK ya kwanza. Askari akapumua, bunduki nayo ikazidi kuruka. Ndipo kikaja kile kipande cha mshazari. Gesi hutokea juu kulia, mtutu hurudishwa chini kushoto. Kwa askari wa mkono wa kushoto msaada huo ni nusu tu, kiwandani hakufikiriwa.

Mwaka 1974 ilikuja AK-74, yenye risasi ya milimita 5.45 na kifaa kikubwa zaidi mdomoni. Teke likawa dogo mno. Kishindo, ambacho sasa kilitupwa pembeni, alikipokea masikioni mwenzake aliyelala ubavuni.