Kosa la Nodame ni Nini?

Dada yangu anafundisha chekechea Songea, na Jumapili hupiga kinanda parokiani. Nota hasomi sana. Wimbo akiusikia mara mbili, mara ya tatu vidole vyake vimeshaujua. Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba angezaliwa kwingine angekuwa mtu mkubwa, nikidhani namsifu.

Likizo iliyopita nilimsomea Nodame Cantabile kwenye simu, nikitafsiri kutoka Kiingereza ukurasa kwa ukurasa. Mimi nasoma shahada ya uzamili katika historia, na katuni hizi za Kijapani ndizo starehe yangu. Nilitaka acheke tu. Alicheka, kisha akaniuliza swali ambalo limenifuata hadi chuoni.

Manga hiyo ni kazi ya Tomoko Ninomiya. Ilianza kutoka mwaka 2001 katika jarida la Kiss la Japani, ikafika juzuu 23. Mwaka 2004 ilipata Tuzo ya Manga ya Kodansha, na mwaka 2006 ikawa tamthilia ya televisheni. Chiaki ni kijana wa familia yenye fedha, anayetaka kuwa kiongozi wa okestra. Ndoto yake ni Ulaya, lakini anaogopa kupanda ndege. Jirani yake ni Nodame, binti wa wakulima wa mwani, ambaye chumba chake kimejaa takataka. Nodame hupiga piano kwa kusikia, na nota zinamchosha. Yeye hataki jukwaa. Anataka kuwa mwalimu wa chekechea.

Uzuri wa kwanza wa manga hii ni kwamba inatufanya tusikie muziki kwenye karatasi isiyo na sauti. Ninomiya hachori maua na nyota tu kila piano inapolia. Anachora kazi: jasho, kipande kimoja kinachorudiwa, ugomvi juu ya mwendo wa wimbo. Mapema kabisa, Chiaki na Nodame wanapiga pamoja sonata ya Mozart ya piano mbili. Kijana aliyezoea kufuata kila kilichoandikwa analazimika kumsikiliza mtu anayekwenda anavyojisikia. Mapenzi yao yanaanzia hapo, katika kusikilizana. Aliyewahi kukaa kwenye mazoezi ya kwaya Jumamosi jioni, besi wakichelewa na sauti ya kwanza wakikimbia, atawatambua. Dada alisema, "Hawa nawajua."

Uzuri wa pili ni mzito zaidi. Tunakuja kugundua kwamba Nodame alipokuwa mdogo mwalimu mkali wa piano alimpiga. Ukaidi wake ni kovu. Anataka kufundisha watoto wadogo kwa sababu anajua mwalimu anaweza kumharibia mtoto kitu anachokipenda. Nilipofika hapo Dada hakucheka. Fimbo sote tunaijua.

Udhaifu nao unaanzia hapohapo. Manga inayosikitikia kipigo hicho inatuchekesha kwa vipigo vingine: Chiaki humpiga Nodame, naye huruka hewani kama mpira. Maestro Stresemann huwapapasa wasichana, na hilo nalo ni kichekesho. Mwandishi amelijua jeraha, halafu akalisahau kila alipohitaji kicheko.

Lakini udhaifu uliomgusa Dada ni mwingine. Katika hadithi nzima, chekechea ni maficho. Chiaki na walimu wanamsukuma Nodame atoke huko: aingie mashindanoni, aende Paris, asome Conservatoire. Kila hatua kuelekea Ulaya ni kukua. Kila anapowataja watoto, wanaompenda wanahuzunika kama vile anataka kujitupa. Nilikuwa nikitafsiri kipande cha namna hiyo Dada aliponikatiza:

"Sasa mdogo wangu, kosa lake ni nini?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa upande wa Chiaki.

Niliporudi chuoni nilifanya ninachofundishwa kufanya: nikauliza muziki huu ulifikaje Japani. Mwaka 1879 serikali iliunda ofisi ya kuchunguza muziki chini ya Isawa Shūji, na mwaka uliofuata Luther Whiting Mason akaletwa kutoka Boston. Hakuletwa kutafuta vipaji vya jukwaani. Kazi yake ilikuwa nyimbo za shule za msingi, tuni za kigeni zikipewa maneno ya Kijapani. Mwaka 1887, Torakusu Yamaha aliitwa kutengeneza kinanda cha upepo kilichoharibika katika shule moja ya msingi mjini Hamamatsu. Akakitengeneza, kisha akaanza kuunda vyake. Kinanda anachopiga Dada parokiani kimeandikwa Yamaha. Nilipokuwa mdogo nilidhani hilo ni jina la pikipiki tu.

Kwa hiyo muziki wa Chiaki na Nodame ulipitia kwa walimu wa watoto wadogo. Manga hii inawasahau waliofungua mlango.

Songea nako ni hivyo. Wabenediktini walianzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898 na kuleta nyimbo za Kilatini. Hawakuzileta mahali patupu wala pa amani. Mwaka 1905 misheni hiyo ilichomwa moto katika Vita vya Maji Maji, na tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni mjini Songea. Ngoma za wenyeji wamisionari wengi walizitazama kwa mashaka. Baada ya hapo, waliofikisha nyimbo vijijini hawakuwa watawa peke yao. Walikuwa walimu wa shule ndogo za misheni, wengi wao wakiwa pia makatekista, wakifundisha a-e-i-o-u asubuhi na nyimbo mchana.

Na waliopokea hawakupokea tu. Upande wa Ziwa Nyasa, vijana walioona bendi za jeshi bila kuwa na tarumbeta walitengeneza malipenga ya vibuyu, wakapiga na kucheza mganda kwa mistari iliyonyooka. Mwaka 1963, mwaka uleule Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipopitisha hati ya liturujia, Padre Stephen Mbunga alichapisha kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Jina la Mbunga limebaki kwenye jalada. Ya walimu wengi wa vijijini hayakuandikwa popote, lakini bila wao kwaya zetu zisingekuwepo.

Sisemi kwamba Dada hakunyimwa kitu. Hakuwahi kupata mwalimu wa piano, na piano yenyewe ameiona kwenye picha tu. Nodame ana Chiaki wa kumgundua ukutani mwa pili. Huku wengi hawana jirani wa namna hiyo. Hasara hiyo ipo, na kuiita utamaduni ni kuipaka rangi. Ila nilikuwa nimechanganya mambo mawili: alichonyimwa na alichochagua. Piano alinyimwa. Watoto aliwachagua.

Nilimpigia simu nikamwomba radhi. Hakuelewa vizuri naomba radhi ya nini, nyuma yake watoto wakipiga kelele.

"Wewe ukija Desemba umalizie kunisomea," alisema. "Nataka kuona kama atarudi kwa watoto."

Mwisho naujua. Sijamwambia.