Njia ya Ngarambe na Kaburi la Songea

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii ni ya mabaharia, lakini maana yake yawahusu pia waendao kwa miguu nchi kavu: safari haihesabiwi kuwa imekwisha kwa kufika, bali kwa kurejea. Katika historia ya kusini mwa Tanzania iko safari moja ya namna hiyo, ya watu na jamaa zao, ambayo imekawia mno kupata marejeo yake.

Mnamo mwaka 1904, huko Ngarambe, upande wa kusini wa Mto Rufiji, alidhihiri mganga aliyeitwa Kinjikitile Ngwale. Ilisemekana kwamba amepagawa na pepo Hongo. Habari zake zilienea kwa mnong'ono wa siri, ambao Wamatumbi waliuita njwiywila, na haukupita muda mrefu watu wakaanza kumiminika. Hawakwenda mmoja mmoja. Walikwenda kwa makundi makubwa, ukoo kwa ukoo, wakiongozwa na wakubwa wao, wakipita misituni kama waendao kwenye sherehe. Kinjikitile alifundisha kwamba wahenga wa koo zote wako Ngarambe, na alijenga nyumba iliyoitwa kijumba-nungu, yaani nyumba ya Mungu, ambamo watu waliweza kuwasiliana na wafu wao. Kwa hiyo aliyefunga safari hakufuata dawa peke yake. Alikwenda kuonana na babu zake. Akifika alipewa maji yaliyochanganywa na mtama na mafuta ya mbarika, akaambiwa kwamba risasi za Wajerumani hazitamdhuru, kisha akaamriwa arudi kwao na kungoja.

Kungoja huko kulikuwa na sababu yake. Tangu mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilikuwa ikitoza kodi ya nyumba, na tangu mwaka 1902 watu wa sehemu hizo walilazimishwa kulima mashamba ya pamba ambayo faida yake haikuwafikia. Mwishoni mwa Julai 1905 subira iliwaishia. Wamatumbi wa Nandete waling'oa mipamba, na vita vikaanza. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini maji hayakufa pamoja naye. Pale ambapo watu hawakuweza kuyaendea maji, maji yaliwaendea watu.

Ndivyo yalivyofika Ungoni, nchi ambayo leo mji wake mkuu ni Songea. Wangoni walikuwa wakijua safari ya mguu ni kitu gani. Wahenga wao walitoka kusini mwa Afrika, wakavuka Mto Zambezi mwaka 1835, na wakaendelea kaskazini kwa miaka mingi pamoja na wake, watoto na mifugo. Mwaka 1905 mjumbe Omari Kinjala alimpelekea maji Chabruma, nkosi wa Mshope. Huko Njelu, kwa nkosi Mputa Gama, miongoni mwa manduna wenye nguvu alikuwamo Songea Mbano, ambaye mji umerithi jina lake.

Siku hizo hizo msafara mwingine ulikuwa njiani kuelekea Ungoni. Askofu Cassian Spiss, aliyeasisi misheni ya Peramiho mwaka 1898, alikuwa akitoka Kilwa pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Tarehe 14 Agosti 1905 wote waliuawa karibu na Liwale. Vita havikuchagua msafiri.

Maji hayakuzuia risasi za bombomu. Wajerumani walichoma nyumba na vyakula makusudi, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kwamba waliokufa katika vita na njaa hiyo walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Tarehe 27 Februari 1906, mjini Songea, makumi ya viongozi wa Kingoni walinyongwa na kufukiwa katika kaburi moja. Songea Mbano, aliyenyongwa katika kipindi hicho hicho, ana kaburi lake mbali na wenzake. Wazee wa ukoo wake wamesimulia vizazi kwa vizazi kwamba kaburi hilo lina kiwiliwili tu, na kwamba kichwa kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani.

Kila Februari vizazi vya mashujaa hao hukusanyika kwenye makumbusho ya Majimaji, mtaa wa Mahenge, kuwakumbuka. Hapana shaka hiyo nayo ni ziara, na inafanana na ile ya Ngarambe: jamaa hufunga safari pamoja kwenda kwa wafu wao. Tofauti ni kwamba wa Ngarambe waliambiwa kuwa wahenga wapo, kamili, wakiwangoja. Wa Songea huenda kwa babu ambaye, kwa mujibu wa wazee wao, hajatimia.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na ukoo wa Mbano na kuomba msamaha. Aliahidi kwamba kichwa kitatafutwa, ila hakuahidi kwamba kitapatikana. Mwaka huo huo, mjini Berlin, mafuvu kadhaa yaliyotoka pande za Kilimanjaro yalilinganishwa na vinasaba vya jamaa walio hai, na nasaba ikathibitika. Kumbe yawezekana mfu akajulikana tena kwa jina lake baada ya miaka mia na zaidi kabatini.

Msamaha ni jambo zito, na mwenye kuuomba astahili heshima. Lakini jamaa wa Mbano hawakuomba maneno pekee. Wameomba lile ambalo Kinjikitile aliwaamuru mahujaji wake: aliyekwenda arudi kwao. Siku kichwa kitakapozikwa pamoja na mwili ndipo safari iliyoanzia Ngarambe itakapofika ngamani.