Kuhesabu moja moja: historia ya mashine ya CD4

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi zimenibana. Leo sina msimbo wa kuwaonyesha. Leo ni historia, ila ni historia ya mashine, kwa hivyo mtanivumilia.

Nilipokuwa shule ya msingi hapa Suneka, shangazi yangu alikuwa akipanda matatu kwenda Kisii mjini kila baada ya miezi kadhaa. Akirudi, sote tunamuuliza namba. Mara ya kwanza 180. Baadaye 260. Siku aliyorudi na 400 tulichinja kuku. Tulijua CD4 ni namba ya kuombea, lakini hakuna aliyejua inahesabiwaje. Mimi nimejua juzi tu, nikisoma kuhusu ugonjwa mwingine kabisa.

Ugonjwa huo madaktari huuita PNH. Ni adimu: mgonjwa mpya mmoja au wawili hivi kwa kila watu milioni kwa mwaka. Hauambukizwi wala haurithiwi. Jeni iitwayo PIGA huharibika ndani ya seli moja ya uboho, na seli hiyo huzaa nyingine zenye kasoro ile ile. Mwaka 1882 daktari Mjerumani, Paul Strübing, alieleza habari za fundi wa mikokoteni wa miaka 29 ambaye mkojo wake wa asubuhi ulikuwa mweusi. Umri wangu karibu kabisa!

Kasoro yenyewe ni hii: seli inakosa kamba ya kushikilia protini mbili, CD55 na CD59, zinazoilinda isishambuliwe na kinga ya mwili wenyewe. Bila ngao hizo seli nyekundu hupasuka, na damu inaweza kuganda ndani ya mishipa. Kuganda huko ndiko huua wengi.

Mwaka 1937 Thomas Ham wa Marekani alipata kipimo: weka damu kwenye majimaji yenye asidi kidogo, uone kama seli zinapasuka. Kilisaidia kwa miaka mingi. Lakini ni sawa na kupima gunia la maharagwe kwa mizani ili ujue yaliyooza. Yakiwa machache, mizani haisemi kitu. Na mgonjwa aliyeongezewa damu ya mtu mwingine, seli zake mbovu hufichwa na zile nzima. Mama yeyote sokoni atakwambia dawa ni moja tu: mwaga kwenye ungo, uchambue moja moja.

Ungo ulitengenezwa na watu wengi. Wallace Coulter alipata hataza mwaka 1953 ya kuhesabu seli zikipita moja moja kwenye tundu dogo lenye umeme. Mwaka 1965 Mack Fulwyler wa Los Alamos alitenganisha seli kwa matone, akitumia wazo la printa ya wino la Richard Sweet wa Stanford. (Ndiyo, printa!) Mwaka 1969 kundi la Leonard Herzenberg, pale pale Stanford, lilitenganisha seli kwa kuangalia zinavyong'aa. Mwaka 1975 Köhler na Milstein wakapata njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tu. Sasa unaweza kuipaka rangi protini unayotaka, ukapitisha seli mbele ya leza, na kompyuta ikaandika kila seli mstari wake. Kwa PNH huangaliwa seli ambazo hazikung'aa, hasa zile nyeupe, maana hizo hazifichwi na damu ya kuongezewa.

Sisi waandishi wa programu somo hili tunalijua. Wastani wa muda wa kujibu unaweza kupendeza huku mtumiaji mmoja kati ya mia akiteseka. Wastani huficha.

Kwetu mashine hii haikuja kwa ajili ya PNH. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Kenya alitambuliwa mwaka 1984, na dawa zilipoenea miaka ya 2000, CD4 ndiyo iliyoamua nani aanze. Mpaka wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa 200, ukawa 350 mwaka 2010, 500 mwaka 2013, na mwaka 2015 ukaondolewa: kila mwenye virusi aanze. CD4 ikabaki kwa kuwatambua waliozidiwa.

Na mwaka 2000 watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya walitangaza kwamba watoto wenye malaria na upungufu mkubwa wa damu walikuwa na CD55 pungufu kwenye seli nyekundu. Si PNH, lakini ngao ni ile ile.

Kwa hivyo ujuzi huu si mgeni kwetu. Kinachokosekana ni swali. Mashine nyingi ndogo za CD4 ziliundwa kujibu swali moja tu. PNH inataka mashine yenye rangi zaidi, kingamwili nyingine, na jicho lililofunzwa. Tangu 2007 dawa ya eculizumab ipo, ingawa bei yake inatisha. Mtu wa huku akikojoa mweusi, kushuku malaria kwanza ni sawa. Lakini kipimo cha malaria kisipoonyesha kitu, na mkojo ukarudi mweusi asubuhi baada ya asubuhi, mtu aulize.

Shangazi bado yupo. Jana alikuwa uani akichambua maharagwe. Nilimweleza haya yote, akacheka: "Sasa hayo yalihitaji Wazungu?"

Tuonane tena, nikipata nafasi.