Fedha na Vita: Habari za Biashara Pande za Ziwa

Mara nyingi barazani twasikia swali hili: kwa nini nchi yenye ardhi njema, mvua ya kutosha na watu wenye nguvu huwa maskini, na nyingine yenye mawe matupu hupata utajiri? Wako wanaojibu kwamba ni uvivu, na wako wanaosema kwamba ni bahati. Sisi twaona ya kuwa majibu hayo ni mepesi mno. Afadhali tuyatazame mambo yaliyowapata baba zetu na sisi wenyewe hapa pande za Ziwa Viktoria, ndipo tutakapojua biashara husimama juu ya nini, na huanguka kwa sababu gani.

Yaliyotufanya tuandike ni haya. Mzee mmoja, jirani yetu wa hapa Mwisenge, alituita nyumbani kwake, akatoa kopo kuukuu la bati, akamimina vilivyomo juu ya mkeka. Tukaona sarafu tatu na noti moja. "Mwalimu," akasema, "wewe wafundisha watoto hesabu. Nihesabie fedha hizi, uniambie zitaninunulia nini." Tukazitazama, tukamjibu kwamba hazitanunua hata kiberiti. Akacheka, akasema, "Ndivyo. Na kila moja, siku ilipolipwa, iliitwa fedha njema." Basi kwa ruhusa yake twaeleza habari za vitu hivyo vinne, kwa maana kila kimoja kina historia yake.

Sarafu ya kwanza ni ya shaba, imeandikwa mwaka 1916, na chini yake pana herufi T. Hiyo ni heller ishirini ya Wadachi, iliyopigwa Tabora. Kabla ya Wadachi, watu wa pande hizi hawakuwa na sarafu. Walibadilishana mbuzi, ng'ombe, mtama na samaki wakavu, na majembe ya chuma yaliyotoka ng'ambo ya ziwa, kwa wahunzi Warongo wa Uzinza. Wadachi walileta rupia, na tangu 1904 rupia moja ikawa heller 100. Kutoka hapo ndipo tulipopata neno "hela", ambalo hata watoto wetu hulitumia bila kujua asili yake.

Vita vilipoanza 1914, manowari za Waingereza zilifunga pwani, vitu vya Ulaya visifike, wala sarafu mpya zisifike. Wadachi wakachapa noti nyingi humu humu nchini, na mwaka 1916 wakapiga sarafu Tabora kwa madini waliyoyaokota huku na huku. Baba yake mzee wetu alikuwa mpagazi. Alichukua mizigo ya askari mpaka mabega yakachubuka, akalipwa noti na sarafu hizo. Lakini mwezi wa Julai 1916 Waingereza waliingia Mwanza, na mwezi wa Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora. Serikali iliyoahidi juu ya noti zile kwamba italipa, haikuwako tena pande hizi. Mwenye rupia ya fedha halisi alikuwa na fedha mkononi hata bendera ilipobadilika. Mwenye noti alibaki na karatasi. Basi somo la kwanza ni hili: noti ni ahadi tu, na ahadi haiwezi kuishi kuliko yeye aliyeitoa.

Sarafu ya pili ina tundu katikati, nayo ni senti kumi ya Afrika ya Mashariki, zamani za Waingereza. Mwaka 1919 ilianzishwa Bodi ya Fedha ya Afrika ya Mashariki huko London. Rupia ikaondolewa, ikaja florini kwa muda mfupi, kisha tangu 1921 na 1922 ikaja shilingi. Shilingi hiyo ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye Unguja pia. Mtu wa Musoma aliweza kuuza ngozi zake Kisumu, akarudi na fedha ile ile aliyolipia kodi kwao.

Tena yafaa kukumbuka njia. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini reli ya kutoka Dar es Salaam haikufika Mwanza mpaka 1928. Kwa hiyo mlango wa karibu wa nchi yetu kwenda baharini ulikuwa Kisumu, na meli zilizunguka ziwa zikipita bandari zote, Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell. Mambo hayo ndiyo yaliyostawisha biashara: fedha moja, njia moja, na meli iliyokuja siku yake.

Hata hivyo tusizisifu siku zile kupita kiasi. Mwafrika aliingia sokoni akiwa amefungwa mkono mmoja. Palikuwa na sheria katika Tanganyika ambayo kwayo deni alilokopeshwa Mwafrika na mtu asiye Mwafrika halikuweza kudaiwa mahakamani pasipo kibali cha serikali. Walisema kwamba ni kumlinda asiingie katika madeni. Lakini mfanyabiashara ni nani asiyekopa mali? Ikawa maduka makubwa ni ya Wahindi, kwa kuwa wao walikopeshana wenyewe kwa wenyewe tangu Mombasa hata vijijini. Na wakulima wa pamba hawakuiamini mizani ya wanunuzi. Katika nchi ya Usukuma walianza kuweka wapimaji wao wenyewe, na kutoka hapo vikakua vyama vya ushirika. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika shirikisho kubwa pale Mwanza, na Paulo Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri. Angalieni jambo hilo: ushirika ule haukuanza kwa mali, ulianza kwa mizani ambayo mkulima aliweza kuiamini.

Sasa tuitazame noti. Ni ya Uganda, nayo ina sura ya Idi Amin. Mtoto wa mzee wetu alikuwa askari katika vita vya 1978 na 1979, akairudisha mfukoni kama ukumbusho.

Idi Amin alitwaa serikali kwa nguvu mwezi wa Januari 1971. Mwezi wa Agosti 1972 aliwapa Wahindi siku 90 waondoke katika nchi, akaliita jambo hilo vita vya uchumi. Watu wengi walishangilia, maana walikumbuka dharau na bei za zamani. Maelfu ya maduka, mashamba na viwanda wakapewa askari na rafiki za wakubwa. Wao waliuza vitu vilivyokuwa rafuni, lakini vilipokwisha hawakujua vingine vinatoka wapi, wala wenye mali wa nchi za nje hawakuwajua wao hata wawakopeshe. Duka lilichukuliwa kwa siku moja, lakini kuaminiwa hakuchukuliki hivyo. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi, vilivyoilisha nchi nzima, vikadhoofika mpaka vikakaribia kusimama. Kahawa ikavushwa usiku kwa mitumbwi kwenda Kenya, na neno "magendo" likawa kazi ya watu wengi. Matajiri wapya wakaitwa "mafuta mingi", na mkulima mwenye kahawa yake akakosa sukari ya kutilia chai.

Tena mtu yeyote aliweza kukamatwa asionekane tena. Katika nchi ya namna hiyo, nani atapanda mkahawa atakaoungoja miaka mitatu? Nani atajenga ghala? Mwenye akili huficha, hukimbia, au huuza upesi. Ndiyo maana twasema kwamba hofu ni kodi kubwa kuliko kodi zote, na haina risiti.

Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia katika nchi yetu, yakateka Kagera mpaka mto. Watanzania walipigana, na tarehe 11 Aprili 1979 mji wa Kampala ulitekwa. Ushindi tuliupata, lakini mabasi na malori yalikuwa yametwaliwa kupeleka askari, na fedha za kigeni zilikuwa zimetumika kununua silaha na mafuta. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye akiwa mtoto alisoma hapa hapa Mwisenge tangu 1934, aliwaambia wananchi wajifunge mikanda kwa miezi 18. Ile mikanda ilikazwa miaka mingi kuliko hiyo. Na fedha ya Uganda nayo ilizidi kuanguka hata baada ya Amin kwenda zake, mpaka mwaka 1987 serikali ikaamuru kwamba shilingi 100 za zamani ziwe shilingi 1 mpya, na juu ya hayo ikakata kodi ya sehemu 30 katika kila 100. Aliyekuwa amejiwekea akiba ya uzee wake aliamka akaiona imepungua.

Sarafu ya mwisho ni yetu wenyewe, senti hamsini yenye picha ya sungura, ya mwaka 1966. Mwaka huo Benki Kuu yetu ilifunguliwa, na ile shilingi moja ya Afrika ya Mashariki ikagawanyika, kila nchi ikatoa yake. Siku zile dola moja ya Marekani ilipata shilingi 7 na kidogo tu. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki iliundwa 1967, lakini serikali tatu zilishindwa kupatana, na mwaka 1977 ikavunjika. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwezi wa Februari mwaka ule, usifunguliwe hata Novemba 1983. Kwa mtu wa Dar es Salaam jambo hilo lilikuwa habari ya redioni. Kwetu Mara lilikuwa kufungwa mlango wa nyumba, maana Kisumu ndio ulikuwa mji wetu wa kuuzia na kununulia, na Wakuria wana ndugu zao pande zote mbili za mpaka.

Tena vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, pamba ikanunuliwa na mamlaka ya serikali. Mafuta ya petroli yalipanda bei duniani 1973 na tena 1979. Haya yote yakakutana na gharama ya vita. Wazee wetu wasimulia jinsi walivyopanga foleni kwa sabuni, sukari na mafuta ya taa, na jinsi mama zetu walivyofua nguo kwa majani ya mpapai. Mwaka 1983 serikali iliwasaka walanguzi, ikawaita wahujumu uchumi. Walanguzi walikuwako kweli, na mambo yao yalikuwa maovu. Lakini wengine kwa hofu walitupa mali mtoni na porini, na maduka yakazidi kuwa matupu. Vitu vilianza kurudi tangu 1984, watu waliporuhusiwa kuagiza vitu kwa fedha zao. Hata hapo maskini hakuinuka upesi: mwaka 1986 dola moja ilipanda kutoka shilingi 17 hata 40, na yule sungura wa senti hamsini akakosa cha kununua.

Mtaona, wasomaji, ya kwamba hatukumlaumu mtu mmoja wala taifa moja. Wadachi waliahidi wasiweze kulipa, Waingereza walilinda huku wakizuia, Amin aliteka, na sisi wenyewe tulivunja vyama na kufunga mipaka. Lakini katika habari hizi zote, mwenye hasara ni mmoja: ni yule aliyeweka jasho lake ndani ya kopo. Mkubwa huhamisha mali yake kabla ya mvua. Mwanakijiji huipata habari ikiwa imekwisha nyesha.

Siku hizi Jumuiya imefufuka kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha mwaka 1999, na malori hupita Sirari mchana na usiku. Ni jambo la kushukuru, lakini tusilale. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya kuleta machafuko, reli iling'olewa Kibera, na watu wa Uganda, wasiokuwa wamepiga kura ile, wakanunua petroli kwa bei ya juu. Nyumba zetu hizi zimeezekwa kwa paa moja.

Kabla hatujaagana na mzee wetu tulimwuliza kwa nini hazitupi zile sarafu. Akajibu, "Nazitunza ili wajukuu wajue kwamba fedha hufa." Kisha akatupeleka uani, akatuonyesha mtamba mwekundu. Babaye aliweka ng'ombe jike kwa rafiki yake wa Ikizu, kama ilivyo desturi ya kuwekeana ng'ombe. Serikali zilibadilika, fedha zikabadilika, wale rafiki wawili wakafa, lakini watoto wao waliendelea kuhesabiana ndama kwa haki, na yule mtamba ni wa uzao ule.

Basi sisi twaona kwamba hapa ndipo penye jibu la lile swali la barazani. Ardhi njema na mvua ni kitu, lakini hakuna nchi iitwayo tajiri ambayo mtu hawezi kumwamini mwenzake, wala kuiamini mizani, wala hakimu, wala neno la serikali yake. Katika hayo manne, sisi wanavijiji hatuna nguvu juu ya yote. Lakini neno letu wenyewe, daftari la chama chetu cha ushirika, na mizani ya duka letu la kijiji, hayo yamo mikononi mwetu. Tuanze hapo, na wale tuwachaguao kututawala tuwadai nao washike neno lao.