Baraza la Watunga Programu na Lugha Yake

Katika makala hii nakusudia kueleza asili ya desturi moja ambayo kwetu bado ni ngeni, nayo ni ile ya watunga programu za kompyuta kukutana mara moja kwa mwezi, mmoja wao akasimama kueleza kazi aliyoifanya na wenziwe wakamhoji. Desturi hiyo imekwisha kuenea katika miji mikubwa ya Afrika ya Mashariki. Naiandika kwa ajili ya watu wa lugha wala si kwa watu wa mitambo, kwa sababu naona kwamba historia yake yatufumbulia swali lililotusumbua kwa muda mrefu: kwa nini maneno mengi ya kompyuta tuliyoyasanifu kwa uangalifu hayakushika vinywani mwa wale wanaoifanya kazi hiyo. Mifano yangu ya mwisho nitaitoa Omurushaka, mji mdogo wa biashara huko Karagwe, kwenye njia panda ya kwendea Kyerwa. Safari ya kufika huko yaanzia mbali, na namwomba msomaji anivumilie.

Baraza la kwanza la namna hii lenye sifa liliundwa Marekani mwaka 1955, likaitwa SHARE. Waliolianzisha walikuwa wafanyakazi wa makampuni ya upande wa Los Angeles, ambayo kila moja lilikuwa limeagiza mtambo mkubwa wa IBM 704. Makampuni hayo yalishindana katika biashara, lakini mafundi wake waligundua kwamba kila mmoja alikuwa akitunga peke yake programu zile zile ambazo jirani yake amekwisha kuzitunga. Wakakubaliana kukutana na kupeana. Yafaa tulitazame jambo hili kwa makini, maana mtu hawezi kumpa mwenzake programu bila ya kukubaliana naye kwanza juu ya majina ya vitu vilivyomo. Kazi ya awali ya baraza lile, basi, kwa sehemu kubwa ilikuwa kazi ya msamiati, ijapokuwa wenyewe hawakuiita hivyo.

Baraza mashuhuri zaidi lilikuja miaka ishirini baadaye. Tarehe 5 Machi 1975 watu kama thelathini walikutana katika banda la gari la Gordon French, mjini Menlo Park, California, ili wautazame mtambo mdogo ulioitwa Altair 8800. Kundi hilo lilijiita Homebrew Computer Club. Mmoja wa waliohudhuria usiku ule alikuwa kijana Steve Wozniak, ambaye baadaye aliwaonyesha wenziwe hapo hapo mtambo alioubuni mwenyewe, ule uliokuja kuitwa Apple I. Mikutano ilipohamia ukumbi mkubwa, Lee Felsenstein aliiongoza kwa utaratibu mwepesi: kwanza kila mwenye haja alisimama akaitaja, na mwenye jibu akajitokeza, kisha kikao rasmi kikavunjika, watu wakatafutana na kubadilishana vitu na maarifa. Ubadilishanaji huo haukumpendeza kila mtu. Mnamo Februari 1976 Bill Gates aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta, akilalamika kwamba programu aliyoitunga pamoja na wenziwe ilikuwa ikinakiliwa bila ya malipo. Huko Boston, mwaka 1977, kijana wa miaka 13, Jonathan Rotenberg, alianzisha chama kilichokuja kuwa na wanachama zaidi ya thelathini elfu kabla ya kufungwa mwaka 1996.

Sasa turudi kwetu, tuzitazame tarehe hizo kwa jicho jingine.

Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa mtambo wa aina ya ICT 1500. Kufikia mwaka 1974 kulikuwa na mitambo saba tu nchini kote. Mambo hayakwenda vizuri: hesabu za Serikali zilizotiwa katika mtambo zilileta hasara na fadhaa, na mwaka huo huo wa 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake, na pia mitambo ya televisheni. Sisemi kwamba marufuku hiyo haikuwa na sababu. Fedha za kigeni zilikuwa chache, na mtambo ulionunuliwa kwa bei kubwa ulikuwa umewashinda wenyewe kuutumia. Lakini msomaji aone jinsi tarehe zilivyokutana. Mwaka mmoja Dar es Salaam yafunga mlango. Mwaka uliofuata watu wa Menlo Park wafungua banda la gari. Katika miaka ile kompyuta ilipotoka mikononi mwa wizara na makampuni ikaingia mikononi mwa fundi mmoja mmoja, sisi hatukuwamo.

Hasara ya vifaa yaweza kulipwa kwa kununua vingine. Hasara ya mazungumzo ni ngumu zaidi kulipika, na hiyo ndiyo hoja yangu. Miaka hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa miaka ya neema kwa istilahi za Kiswahili. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967. Mahakama za mwanzo, Bunge, jeshi, benki na vyama vya ushirika vyote vilikuwa vikitafuta maneno, na vikiyapata. Maneno hayo yalishika kwa kuwa kulikuwa na watu waliokaa pamoja kila siku wakiyahitaji: karani na mteja wake, hakimu na mshtakiwa. Watu wa kompyuta hawakuwako. Mitambo iliporuhusiwa tena, na mtandao wa intaneti ulipoingia katikati ya miaka ya 1990, maneno yalifika yameiva tayari kwa Kiingereza, nasi tukaanza kuyatafutia visawe mezani.

Yupo atakayenipinga kwa kuitaja Kenya, ambako marufuku ya namna hiyo haikuwako na bado mabaraza ya Nairobi, tangu enzi za kundi la Skunkworks hata kufunguliwa kwa iHub mnamo Machi 2010, yalizungumza Kiingereza. Pingamizi hilo ni la haki. Lugha ya shule za sekondari ina nguvu kuliko amri yoyote ya forodha. Hata hivyo nadhani Tanzania ya miaka ya sabini ilikuwa na nafasi ambayo Kenya haikuwa nayo, nayo ikapita.

Jaribio kubwa la kuirudisha nafasi hiyo lilikuwa mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wataalamu wa Sweden wa kampuni ya IT+46. Matunda yake, Jambo OpenOffice, yalitolewa mnamo Desemba 2004: programu kamili ya ofisi iliyosema Kiswahili, tena ya bure, ambayo mtu yeyote aliruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Ilikuwa kazi ya kustahili heshima kubwa. Microsoft nao wakafuata njia hiyo kwa kuwakusanya wataalamu wa Kiswahili wa Afrika ya Mashariki. Na kabla ya wote hao, tangu 1994, Martin Benjamin alikuwa ameanzisha Kamusi Project katika Chuo Kikuu cha Yale. Kwa hiyo maneno hayakukosekana. Tulikuwa nayo hata kuzidi: kwa chombo kimoja tu kulikuwa na kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Lakini waliotunga maneno na waliotunga programu walikuwa watu mbalimbali, wala hapakuwa na siku katika mwezi ya kukutana. Neno nywila, mathalan, lilisanifiwa, likachapishwa, na bado mtu akiulizwa nywila yake husita. Akiulizwa namba ya siri hujibu mara moja.

Mabaraza yenyewe yalipokuja kuota mizizi Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 2010, katika nyumba kama KINU na Buni, yaliikuta hali hiyo. Mwezi Novemba 2023 watunga programu wa Afrika nzima walikutana Unguja katika mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na wageni wale wa mbali walizungumza humo humo mjini, kwa Kiingereza. Silaumu, maana Mnaijeria na Mtanzania hapana budi wapate lugha ya kuelewana. Nataja tu.

Lakini ni kosa kudhani kwamba baraza la watunga programu linaloendeshwa kwa Kiingereza halina Kiswahili ndani yake. Mtoa mada husoma kwa Kiingereza. Maswali huanza kwa Kiingereza. Jambo linapokuwa gumu, Kiswahili huingia. Hapo ndipo mwanafunzi wa lugha apaswa kutega sikio. Atasikia kwamba seva imekrashi, kwamba faili limedilitiwa, kwamba fulani ameipushi kazi yake jana usiku. Wapo wanaokunja uso. Mimi nasikia sarufi iliyo nzima kabisa: kiambishi cha mtendwa kimekaa mahali pake, wakati uko mahali pake, na kitenzi kinachoishia kwa -i kimefuata njia ile ile iliyokwisha kupitwa na safiri, fikiri na hariri, vilivyotoka Uarabuni na leo hakuna anayeviita vigeni. Kama fikiri kilivyozaa fikiriwa, ndivyo diliti kilivyozaa dilitiwa. Tena si kwamba maneno ya asili yamekataliwa. Programu hutungwa, kama shairi na kama ushanga. Wala sijui neno lililofaa zaidi ya hilo.

Sasa tufike Karagwe. Nchi hiyo ilipata Kiswahili kwa njia ya kazi muda mrefu kabla ya shule. Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwishoni mwa 1861, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuweka kituo Kafuro. Na Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta huko Hamed Ibrahim, Mwarabu aliyekaa sana. Biashara ilikuja na maneno yake, na wenyeji wakayachukua pamoja na bidhaa. Lugha za upande huu wa Ziwa ziliichukua barua zikaifanya ebaruha, ikapewa kiambishi cha mwanzo kama neno lolote la nyumbani. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimeliazima neno hilo kwa Waarabu, na katika siku zetu kimelifunga safari ya tatu, kikaliongezea pepe. Barua pepe ni miongoni mwa istilahi chache za kompyuta zilizokubaliwa bila ya ubishi, nami naona siri yake ni kwamba barua ilikuwa imekwisha kuzoea kusafiri.

Mtu akisimama leo kwenye njia panda ya Omurushaka, baina ya magari ya Kayanga na yale ya Kyerwa, hataona kibao cha baraza la watunga programu. Ataona meza za mafundi simu na vibanda vya mawakala wa fedha. Nyumbani watu hawa husema Kinyambo. Sokoni na katika shule ya msingi husema Kiswahili. Waliokwenda sekondari walifundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza. Fundi wengi hawakufika huko. Lakini sikiliza maneno yao: laini, bando, chaji, kurusha nyimbo, kushusha picha. Na katika vibanda vya mawakala, tangu M-Pesa ilipoanzishwa Tanzania mwaka 2008, kila mwenye simu amefahamu salio na muamala. Hilo la pili lastahili kuangaliwa. Muamala lilikuwa neno la vitabuni na la wanasheria. Leo bibi anayeuza ndizi hulitaja akibishana na wakala, kwa kuwa limemfikia ndani ya ujumbe uliobeba fedha zake. Neno la kitabuni, basi, laweza kushika vizuri kama lile la kuazima, mradi liingie pamoja na kazi.

Kwa sababu hiyo, swali la lugha ya baraza si la heshima tu. Vijana wa Karagwe waliosomea kompyuta mijini wakirudi na kuanzisha mazungumzo ya kila mwezi Omurushaka kwa Kiingereza, fundi wa meza ya simu atabaki nje, naye ndiye mwenye ujuzi wa mikono na msamiati uliokwisha kujaribiwa. Wakiyaanzisha kwa Kiswahili, watamkuta anayo maneno ambayo hayajaingia katika orodha yoyote ya istilahi, na baadhi yake yatawatatiza. Kuflashi ni mfano mzuri. Kwa Mkenya maana yake ilikuwa kumpigia mtu simu na kuikata kabla hajapokea, ili yeye ndiye alipe. Jambo hilo Mtanzania aliliita kubipu. Kwa fundi wa Karagwe kuflashi ni kuifuta programu yote iliyomo ndani ya simu na kuitia upya. Mteja anayetoka ng'ambo ya mpaka wa kaskazini au magharibi huja na maneno mengine tena, na fundi humwuliza kwanza simu yake inaumwa nini, ndipo ajue ni neno lipi la kumjibu.