Filamu Iliyookolewa na Kompyuta ya Nyumbani

Novemba 23, 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa, BBC ilirusha kwa mara ya kwanza Doctor Who, mchezo wa televisheni kuhusu mtu anayesafiri kupita anga na nyakati. Mchezo huo ulipendwa na umetengenezwa hadi karne hii. Ila sehemu nyingi za miaka yake sita ya mwanzo haziko tena. Hazikuungua na hazikuibwa: shirika lenyewe ndilo lililozifuta.

Lilikuwa na sababu zake. Mkanda wa video wa wakati ule, wenye upana wa inchi 2, ulikuwa ghali, na uzuri wake ni kwamba ukishafutwa unarekodiwa tena. Mikataba ya waigizaji iliruhusu kipindi kurudiwa mara chache tu. Televisheni ya rangi ilikuwa inaingia, nani angetaka tena picha nyeusi na nyeupe? Majumbani hakukuwa na deki, kwa hiyo haikumjia mtu kwamba siku moja vipindi hivyo vingeuzwa. Rafu zilijaa, wakafuta. Anayetaka kuwacheka ajiulize kwanza ni video ngapi za harusi ya nduguye alizofuta ili simu ipate nafasi ya kupokea picha za WhatsApp.

Kilichobaki kilibaki kwa watu. Kulikuwa na watazamaji, wengine vijana wadogo, waliotega maikrofoni ya rekoda mbele ya televisheni na kuwaamuru wenzao wanyamaze. Kwa sababu yao, sauti ya kila sehemu iliyopotea ipo. Picha nazo zilipatikana ugenini. BBC ilikuwa ikiuza nakala za filamu kwa vituo vya nje, vikiwemo vya Kenya, Uganda na Zambia, na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa zilizodhaniwa zimepotea zimekutwa katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Nakala iliyotupwa London ilikuwa imekaa rafuni Afrika Magharibi kwa miongo kadhaa.

Mwaka huohuo wa 1963, Philips ilionyesha kaseti mjini Berlin, na hapo ndipo mtu wa kawaida alipoanza kuwa na maktaba yake. Wanaokumbuka zama hizo Afrika Mashariki wanajua taratibu zake. Ulivunja vile vimeno vya juu ili mtu asikufutie, ukibadili mawazo uliziba tundu kwa seltepu. Muhimu zaidi, kaseti iliazimwa. Jirani alirekodi yako, shemeji akarekodi ya jirani, na kila ilipohama sauti ilizidi kukwaruza. Hatukuwa na neno la kitaalamu kwa jambo hilo, lakini kaseti yako ikiliwa na redio ulijua pa kwenda kuipata tena. Kwa maoni yangu, kwa habari ya usalama wa nakala, mtaa uliokuwa ukiazimana kaseti ulitushinda sisi wenye simu za bei mbaya.

Wapo waliokusanya peke yao, bila mtaa. Huko Philadelphia, Marekani, Marion Stokes, aliyewahi kuwa mkutubi, alianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kurekodi matangazo ya televisheni, hasa habari, na hakuacha hadi alipofariki Desemba 2012. Mashine kadhaa ziliwaka usiku na mchana, mikanda ikibadilishwa kila baada ya saa chache, na shughuli za familia zilipangwa kufuata saa hizo. Aliacha mikanda ipatayo 70,000, mingine ikiwa kwenye nyumba alizopanga kwa ajili hiyo tu. Wengi walimwona mgonjwa wa kulimbikiza. Leo mkusanyiko huo uko mikononi mwa Internet Archive ya California, kwa kuwa mengi aliyorekodi hayakuhifadhiwa na vituo vilivyoyatangaza.

Kompyuta ilikuja ikiahidi kumaliza tabu ya nafasi, ingawa haikuanza vizuri. Diski ya kwanza, katika mashine ya RAMAC ya IBM mwaka 1956, ilikuwa na uzito unaozidi tani moja na ilibeba herufi milioni 5, sawasawa na wimbo mmoja wa leo. Hata miaka ya tisini, wimbo wa dakika nne kutoka kwenye CD ulichukua megabaiti 40 hivi, kwa hiyo diski ya gigabaiti 1 ilijaa kwa albamu mbili. Ndipo Karlheinz Brandenburg na wenzake wa taasisi ya Fraunhofer, Erlangen, Ujerumani, wakakamilisha njia ya kutupa sauti ambazo sikio halizitambui kwa kuwa zimefunikwa na sauti kubwa zaidi. Julai 1995 wakaziita faili zake .mp3. Megabaiti 40 zikawa 4.

Nafasi iliyookolewa ingetosha kuweka nakala ya pili, ya tatu, hata ya tano. Haikutumika hivyo. Tulikusanya mara kumi zaidi, tukajaza diski ileile, na nakala ikabaki moja. Vibandani, kijana wa kuweka nyimbo alikujazia memori kadi hadi ikatae. Kadi ikifa, zote zimekufa.

Kisa kinachonifurahisha kuliko vyote ni cha Pixar, studio ya filamu za katuni, mwaka 1998. Toy Story 2 ikiwa inatengenezwa, mtu aliandika amri ya kufuta mahali pasipostahili, na wahusika, mandhari na matukio vikaanza kuyeyuka mbele ya macho ya mafundi. Karibu filamu yote iliondoka. Wakakimbilia mikanda ya akiba, wakakuta ilikuwa ikishindwa kuandika sawasawa na hakuna aliyeshtuka. Kisha Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa ufundi, ambaye alikuwa amejifungua karibuni na akifanyia kazi nyumbani, akakumbuka kwamba kwenye kompyuta yake kulikuwa na nakala. Ile kompyuta ilibebwa kwa gari, imefungwa mablanketi kama mwali. Na baada ya kuhangaika kote huko, studio iliamua kuiandika upya sehemu kubwa ya hadithi.

Siku hizi tumewaachia wenye seva. Mwaka 2019 mtandao wa kijamii wa MySpace ulikiri kwamba muziki uliopakiwa huko kwa zaidi ya miaka kumi ulipotea wakati wa kuhamisha seva. Google Photos, iliyoanza 2015 ikipokea picha bila kikomo wala malipo, ilifunga mlango huo Juni 1, 2021.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumbani. Kwa mwenye simu na kompyuta mpakato kuukuu, diski ya nje ya gigabaiti 500 inameza picha na nyimbo za familia nzima. Flashi isitegemewe peke yake, maana ikikaa miaka kabatini bila umeme inaweza kupoteza ilichobeba. Nakala ya mbali inaweza kukaa kwa shangazi Tanga, mradi binamu asiifute apate pa kuweka tamthilia zake.